TAHARIRI: Mtaalamu Naye ni Shahidi

Mwezi Mei 2004, Brandon Mayfield, wakili na Muislamu wa Oregon nchini Marekani, alitiwa kizuizini kuhusiana na milipuko ya treni za Madrid. Wataalamu wa FBI walishikilia kuwa alama ya kidole iliyokutwa Hispania kwenye mfuko wa viwashio vya mabomu ni yake. Polisi wa Hispania walikwisha kuwaeleza kuwa hailingani, hawakusikilizwa. Aliachiwa baada ya wiki mbili, alipopatikana mwenye alama ile. Mwaka 2006 Serikali ilimwomba radhi na kumlipa dola milioni 2.

Kosa hilo lilifichuka kabla ya hukumu. Cameron Todd Willingham wa Texas hakupata fursa hiyo. Mwaka 1992 alihukumiwa kifo kwa moto ulioua binti zake watatu, wachunguzi wakidai kuwa alama za sakafuni zathibitisha kumwagwa mafuta. Ripoti ya mtaalamu iliyobomoa madai hayo iliwafikia wakuu wa jimbo kabla hajauawa, Februari 2004. Haikuzuia kitu.

Hatupingi elimu. Tunapinga kumfanya mtaalamu kuwa mja asiyekosea. Allah (SW) katika Suratul Hujurat, aya ya 6, anatuamrisha kuhakiki habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Wanavyuoni wa fiqhi wanafundisha kuwa shaka huondosha adhabu ya hadd, na kwamba shahidi akijirudi kabla ya hukumu, ushahidi wake huanguka. Basi elimu inapojirudi, kwa nini mfungwa aendelee kuozea gerezani?

Texas yenyewe ilitunga sheria mwaka 2013 inayomruhusu mfungwa kurudi mahakamani pale sayansi iliyomtia hatiani inapobadilika. Kwetu Kenya, ibara ya 50(6) ya Katiba ya 2010 inamruhusu aliyehukumiwa kuomba kesi mpya, ukipatikana ushahidi mpya wenye nguvu. Mlango upo, lakini maskini atampata wapi mtaalamu wa kumjibu mtaalamu wa Serikali?

Kwa hiyo tunataka sheria itamke wazi kuwa sayansi iliyobatilika ni sababu ya kusikilizwa upya. Asiye na uwezo apatiwe mtaalamu kwa gharama ya Serikali. Na vielelezo vihifadhiwe muda wote wa kifungo. Nasi waumini tusimtenge ndugu yetu kwa tuhuma ambayo haijahakikiwa.

Wabillahi tawfiq.