Waya wa Pauni 140 na Santuri 63

Mwezi huu chama kitapiga kura juu ya waya. Ni ule unaotoka chini ya mkono wa gramafoni yetu hadi kwenye amplifaya, na pendekezo lililoletwa ni tununue mmoja wa fedha tupu kwa pauni 140. Sisi watatu tunaoitunza gramafoni hiyo tunawaomba wanachama mlikatae, ingawa ni sisi wenyewe tuliolalamika kwanza kwamba waya uliopo haufai.

Na kweli haufai. Lakini kabla ya kueleza kwa nini, tukumbushane kazi iliyo mbele yetu. Familia ya mzee mmoja aliyehamia Uingereza kutoka Mombasa imetuazima sanduku la santuri 63. Kati ya hizo 41 ni zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, nyingi zina chapa ya Mzuri, zilizokuwa zikitolewa na Assanand wa Mombasa. Zilizobaki 22 ni nzito za mizunguko 78, za kabla ya zama za plastiki, na ukiidondosha moja huokoti santuri, unaokota vigae. (Hapana, hamna ya Siti binti Saad. Kila mgeni huuliza. Siti na wenzake walikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, na santuri zile hazikai zikisubiri kwenye masanduku ya watu.) Tumekubaliana na familia tuzinakili zote kwenye kompyuta muhula huu, walimu wapate nakala za kutumia darasani, kisha sanduku lirudi kwa wenyewe. Kwa hiyo tunanakili mara moja tu. Uvumi utakaoingia kwenye nakala hizo utabaki humo, na watakaokuja chamani baada yetu watadhani ndivyo taarabu ilivyokuwa ikisikika.

Sasa waya. Sindano inapopita kwenye mfereji wa santuri, katriji yetu hutoa umeme wa takriban milivolti 4. Mashine ya kuchezea sidii hutoa volti 2 hivi, yaani mara 500 zaidi. Amplifaya lazima ikuze kidogo hicho mpaka kisikike, na inapokuza sauti ya muimbaji hukuza pia kila kilichojipenyeza njiani. Waya wetu una urefu wa mita 2, wavu wa shaba unaoukinga umekatika karibu na plagi, na waya mdogo wa athi umeshikiliwa kwa gundi ya karatasi. Matokeo yake mmeyasikia: ngurumo ya umeme wa ukutani, mizunguko 50 kwa sekunde, inakaa chini ya ngoma toka mwanzo wa wimbo hadi mwisho.

Kuna kasoro ya pili ambayo haijulikani sana, na hiyo ndiyo iliyotuamsha. Kila waya wa aina hii una kapasitansi, na urefu ukizidi nayo huzidi. Mwenzetu anayesoma uhandisi aliupima wetu akapata pikofaradi 310. Ukiongeza 80 hivi za waya za ndani ya mkono na za amplifaya, jumla ni 390. Katriji yetu ni AT-VM95E, na watengenezaji wake wanataka jumla iwe kati ya 100 na 200. Tofauti hii si ya karatasini tu. Koili za ndani ya katriji zikikutana na kapasitansi hutengeneza kilele mahali fulani kwenye sauti nyembamba: kwa pikofaradi 170 kilele huwa karibu na mizunguko 16,500 kwa sekunde, juu kabisa, mahali ambapo hakimsumbui mtu. Kwa 390 kinashuka mpaka 10,900 hivi. Hapo ndipo "s" na "sh" zinapochongoka na kukwaruza sikio, na kilicho juu ya hapo kinafifia.

Msikilizaji wa starehe anaweza kuvumilia. Sisi hatusikilizi kwa starehe peke yake. Katika somo la ushairi tunaandika maneno ya nyimbo hizi kwa kusikia, na waimbaji wa Mombasa wanaimba Kimvita. Kina "t" mbili, moja ya kwenye meno na moja ya kwenye ufizi, na kina konsonanti zenye pumzi na zisizo na pumzi. Wengi wetu tumezaliwa huku Uingereza. Kiswahili tumekipata jikoni na kwenye simu za bibi, na tofauti hizo hatuzibashiri, lazima tuzisikie. Wiki mbili tulibishana juu ya neno moja kwenye santuri moja, wengine wakisikia hivi na wengine vile. Tulipoazima waya mfupi kwa jioni moja, ubishi uliisha kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo waya ubadilishwe. Ila kwa nini wa fedha? Wenzetu walioleta pendekezo wanasema fedha hupitisha umeme vizuri kuliko shaba. Ni kweli, kwa asilimia 6 hivi. Lakini amplifaya yetu inaipokea katriji kwa ukinzani wa omu 47,000, na waya wa shaba wa mita moja hauna hata omu moja. Kupunguza sehemu ndogo ya omu moja mbele ya 47,000 ni kama kufuta kijiko kimoja cha maji pwani. Muuzaji mmoja alitueleza pia kwamba waya wake una upande wa kuingilia na wa kutokea, na kwamba unahitaji saa mia za "kuzoea". Tulimuuliza kapasitansi yake kwa mita. Hakuwa nayo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hoja yao nyingine tunaiheshimu zaidi: kwamba sauti za wazee wetu zinastahili kilicho bora, na kwamba kuhesabu pauni mbele ya urithi ni ubahili. Tunakubali kuhusu ubora. Tunachouliza ni ubora uwekwe wapi. Santuri zile 22 za mizunguko 78 zina mifereji mipana, na zinataka sindano yenye ncha ya mikroni 76 hivi. Sindano tuliyo nayo ni ya santuri za baadaye, ncha yake haizidi mikroni 18, hivyo kwenye 78 inazama mpaka chini ya mfereji na kusoma vumbi na mikwaruzo badala ya kuta zenye sauti. Hakuna waya, hata wa dhahabu, utakaorudisha sauti ambayo sindano haikuigusa. Na bahati nzuri katriji yetu inakubali sindano ya 78 kwa kuchomoa na kuchomeka tu.

(Kuhusu jina la ule mkono wenyewe: mwanachama mmoja mwenye asili ya Unguja anashikilia uitwe "kigasha", kwa kuwa ni kuanzia kiwiko tu. Walimu wakitaka kuamua, tunasubiri.)

Tunachopendekeza ni hiki. Tununue waya wa shaba wa pauni 35, mita moja, pikofaradi 90 kwa mita, wenye wavu mzima wa kinga na waya wa athi unaofungwa kwa skrubu. Plagi ya pini 5 iwe ya kupinda, kwa sababu nafasi chini ya mkono ni ndogo, na waya uwe laini: gramafoni yetu imekaa juu ya springi, na ule wa fedha tulioonyeshwa ni mgumu kiasi cha kuivuta upande. Pauni 105 zinazobaki zinunue kwanza sindano ya 78, kisha brashi na maji yaliyochujwa ya kuoshea. Spiriti isitumike kwenye zile 22 hata tone moja, maana huziyeyusha.

Kura ni Alhamisi saa kumi na mbili jioni. Waya wa kuazima utakuwepo tangu saa kumi na moja kwa anayetaka kusikia tofauti mwenyewe.