Binti yenu akisema anataka kuwa sista

Mwezi uliopita tuliongea juu ya watoto wanaochelewa shule sababu ya foleni ya maji. Mwezi huu tunajibu swali tulilopewa na mama mmoja baada ya kikao cha wazazi. Binti yake amemaliza sekondari na anasema anataka utawa. Mama anauliza: "Nitajuaje kama ni wito wa kweli ao anakimbia njaa?"

Tunajua kambini tuko wa dini nyingi: Wakatoliki, Wapentekoste, Waadventista, Waislamu. Hapa hatuhubiri. Lakini mtoto kuchagua njia ambayo nyumbani hawakuitegemea, hilo linaweza kugonga mlango wowote.

Kwanza tuseme wazi yale yanayosemwa kwenye bomba la maji. Wanasema eti anatafuta kula vizuri. Eti anataka tu kutoka kambini. Baba anawaza mahari, maana mara nyingi mahari ya dada ndiyo inayomwoza kaka. Mama anawaza nani atabeba kuni na kuangalia wadogo. Mawazo haya si ya watu wabaya. Ni ya watu wanaopata mgao kwa hesabu ya vichwa, na binti mkubwa ndiye mkono wa kuume wa mama yake.

Kuna binti mmoja tuliyemfundisha, naye ametupa ruhusa tuseme habari yake bila jina. Mama yake alipata ugonjwa wa akili, akapelekwa Ndera, kule Gasabo, pembeni ya mji wa Kigali. Mnajua jina hilo linavyotumika. Mtu akikasirika kidogo anaambiwa, "Wewe ni wa kupelekwa Ndera." Lakini waliofika pale wanajua ni hospitali, watu wanatibiwa na wanarudi kwao. Ilianzishwa mwaka 1968 na mabruda wa shirika la Frères de la Charité. Shirika lenyewe lilianza Ubelgiji mwaka 1807, kwa juhudi za padri Peter Joseph Triest. Padri huyo alikuwa ametangulia kuanzisha shirika la masista mwaka 1803, nao kazi yao ilikuwa maskini na wagonjwa.

Binti alikaa Ndera wiki tatu kumlinda mama yake. Karibu nao kulikuwa na mwanamke asiyetembelewa na ndugu hata mmoja. Binti akaanza kumfulia na yeye, na kumlisha uji. Anasema hakuona maono wala hakusikia sauti usiku. Aliona tu kwamba kazi ile ambayo wengine wanaikimbia, yeye haikumchosha moyo. Akaona pia kwamba kuna watu waliotoa maisha yao yote kwa ajili ya wagonjwa kama mama yake. Akarudi kambini na wazo hilo, akangoja liondoke. Mwaka umepita na wazo bado lipo.

Baba yake aliposikia alisema neno moja: njaa. Basi tulikaa naye, tukaongea. Tulimkumbusha kwamba palepale Ndera kuna seminari ndogo ya Mtakatifu Vincent. Mvulana akiingia seminari kutafuta kama ana wito wa upadri, watu wanampongeza baba. Hakuna anayeuliza kama amefuata sahani. Kwa nini msichana ndiye awe mwenye njaa?

Tena tukamwambia kwamba hata masista wenyewe hawamwamini msichana kwa siku moja. Ndiyo maana kuna hatua. Kwanza anatembelea, anakaa nao siku chache aone maisha yao, nao wamwone. Halafu anakuwa aspiranti, kisha postulanti, kila shirika na muda wake. Baada ya hapo unovisi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inataka awe ametimiza miaka 17 kabla ya kuanza unovisi, na unovisi uchukue angalau miezi 12. Akimaliza, anaweka nadhiri za muda, kwa kawaida miaka 3 mpaka 6. Nadhiri za daima haziwekwi na mtu aliye chini ya miaka 21. Wakati wa unovisi anaweza kurudi nyumbani akitaka, na nadhiri za muda zikiisha hivyo hivyo. Mtu anayefuata ugali tu, miaka yote hiyo ya kuamka alfajiri, kutii na kutokuwa na pesa yake mwenyewe itamchosha. Njaa haina uvumilivu wa namna hiyo.

Sheria hiyo inasema pia kitu ambacho wazazi wengi hawakijui. Msichana akiingia unovisi kwa kulazimishwa, kwa woga mkubwa ao kwa kudanganywa, kuingia kwake ni batili. Hapo tunawageukia wazazi wa upande mwingine, maana wapo. Kuna wanaomsukuma mtoto kwa masista ili apate kusomeshwa, ao kinywa kimoja kipungue nyumbani. Kumsukuma ni kumwonea kama vile kumfungia mlango. Na aliye na madeni asiyoweza kulipa hapokelewi, kwa hiyo utawa si njia ya kuacha deni la duka nyuma.

Wakubwa mnamkumbuka Mwenyeheri Anuarite Nengapeta wa kwetu Kongo. Alizaliwa Wamba mwaka 1939. Alipokuwa msichana alipanda lori lililokuwa linapeleka wasichana kwa masista wa Jamaa Takatifu, Bafwabaka, bila mama yake kujua. Hatusemi mabinti wetu wafanye vile. Mama kumtafuta mtoto ni uchungu, na sisi wakimbizi uchungu huo tunaujua kuliko wengine. Lakini tarehe 5 Agosti 1959, Anuarite alipoweka nadhiri za kwanza, wazazi walikuwepo, wakatoa mbuzi wawili. Kumbe nyumba iliyokataa inaweza kufika mahali pa kutoa zawadi. Aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, sababu alimkataa mwanajeshi aliyemtaka. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri Kinshasa mwaka 1985.

Na kuna Josephine Bakhita wa Darfur, Sudani. Aliibwa akiwa mtoto, akauzwa mara nyingi, mpaka akasahau jina alilopewa na wazazi wake. Alifikishwa Italia, na tarehe 29 Novemba 1889 mahakama ya Venice ikatamka kwamba yeye ni mtu huru. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza aliweza kusema mwenyewe anataka kukaa wapi, akachagua kubaki na masista Wakanosa. Aliweka nadhiri mwaka 1896, miaka 7 baadaye. Angalieni mpangilio huo: uhuru ulitangulia, nadhiri zikafuata. Mtu aliyeporwa kila kitu alikuwa bado na neno lake la "ndiyo", na neno hilo hakuna aliyelisema kwa niaba yake.

Sasa jambo la karatasi, maana wengi wanakwama hapo. Shirika litaomba cheti cha ubatizo, cha kipaimara, na uthibitisho kwamba binti hana ndoa. Wengi wetu vyeti viliungua ao vilibaki kwenye parokia ambazo hatuwezi kurudi. Msikate tamaa. Kwa ubatizo, sheria ya Kanisa inakubali tamko la shahidi mmoja wa kuaminika, kama hakuna anayedhurika kwa tamko hilo. Kama msimamizi wake wa ubatizo ao shangazi aliyekuwepo kanisani siku ile yuko hai, aende na binti kwa padri wa parokia, aeleze. Fanyeni hivyo sasa, kabla wazee wetu hawajaondoka na habari hizo.

Binti wetu wa Ndera bado yuko nyumbani. Mama yake anaendelea na dawa, na binti ndiye anayehakikisha anazimeza kila jioni. Amesema hataondoka mpaka mdogo wake ajifunze kazi hiyo vizuri. Baba hajasema ndiyo, lakini ameacha kusema njaa. Na sisi tunaona msichana anayeweza kungoja hivyo, bila kununa wala kulaumu, anatoa jibu zuri kuliko maneno yake yote.

Kwa hiyo, mama uliyetuuliza, usimpime kwa siku moja. Muulize wazo lilianza lini, na linarudi wakati gani: wakati sufuria ni tupu peke yake, ao hata siku ya kushiba? Mwache atembelee masista, nawe nenda naye, uulize maswali yako yote mbele yao. Akirudi baada ya mwaka na kusema si njia yake, mpokee bila kumcheka, na majirani wasimcheke. Akiendelea, umepoteza mahari, lakini hujapoteza mtoto.

Mwezi ujao tutaongea juu ya vijana waliomaliza sekondari na wamekaa bila kazi. Mwenye swali alete kwenye darasa letu jioni. Mungu awalinde.