Intel na AMD si Gor na Ingwe. Wacheni kubeti na pesa ya rent

Nitasema hii kitu bila kuzunguka, na najua kuna watu wataacha kunifuata. Kijana wa mtaa akinunua hisa za kampuni ya prosesa kwa sababu "hiyo ndiyo timu yangu", hajawekeza. Amebeti. Tofauti yake na mwenye mkeka ni kwamba mkeka huisha wikendi, na huyu atateseka mwaka mzima akijiita mwekezaji.

Nimekaa kwa base za Olympic na Makina kule Kibera. Nimekaa Kawangware, 46 na Stage 2. Stori ni ileile. Kuna mbogi ya AMD na mbogi ya Intel. Wa AMD wanasema Intel ilikufa kitambo, kilichobaki ni mazishi. Wa Intel wanasema tulia, mzee ataamka. Kila mtu ana video ya YouTube ya kushikilia, na kila mtu ana vipande vya hisa kwa simu, vya mia tano, vya thao moja. Swali ambalo sijasikia hata mtu mmoja akiuliza ni hili: bei niliyolipa ilikuwa sawa?

Tuanze hapa mtaani. Ingia kwa banda la gemu Gatwekera ama Gatina, pale watoto wanalipia mechi. Kama ni PS4 ama PS5, prosesa ya ndani ni ya AMD. Vuka uingie saiba: zile kompyuta za mezani za ex-UK, HP na Dell, nyingi ndani ni Intel. Sasa toa simu mfukoni. Kama ni Tecno, Itel ama Infinix, kuna uwezekano mkubwa ndani kuna MediaTek ya Taiwan ama Unisoc ya China. Yaani prosesa unayoshika kutwa nzima haijatoka kwa timu yoyote kati ya hizo mbili unazotukania watu.

Halafu tuongee kuhusu faida ambayo tayari tumepata bila kununua hisa hata moja. Kwa miaka mingi Intel ilikuwa mbele peke yake. AMD ilikuwa hoi, na Julai 2015 hisa yake ilikuwa chini ya dola 2. Mwenye hana mpinzani hakazani. Laptopu nyembamba za kazi zenye i5 zilikaa na viini viwili mwaka baada ya mwaka. Chukulia viini kama wapishi kwa kibanda: wapishi ni wawili, oda zimejaa, unangoja. Machi 2017 AMD, chini ya Lisa Su, ikaleta Ryzen yenye viini hadi nane kwa bei ya kumtoa Intel jasho. Mwaka huohuo Intel ikatoa kizazi cha nane: i5 ya laptopu ikatoka viini viwili hadi vinne, na ile ya mezani ikatoka vinne hadi sita. Mpinzani akiamka, na wewe unaacha kulala.

Sasa panda hadi Moi Avenue, ulizia EliteBook 840 G3, halafu ulizia 840 G5 yenye i5 ya kizazi cha nane. Ya kwanza ina viini viwili, ya pili ina vinne. Mimi kazi yangu ni kuhariri video, na hiyo tofauti ni usiku wa kulala ama usiku wa kungoja video imalizike. Ukitaka ya AMD, kuna 745 G5. Unaona? Sisi tunakula matunda ya hiyo vita. Siku moja wao akimmaliza mwingine kabisa, tutarudi kwa wapishi wawili. Kwa hivyo kijana wa Kawangware anayeombea Intel ife anajiombea laptopu mbaya.

Na wao wenyewe hawachukiani kama nyinyi mnavyochukiana kwa niaba yao. Intel ilianza 1968, AMD 1969. Mwaka 1982 walitia saini mkataba ambao AMD ingetengeneza prosesa za muundo wa Intel, kwa sababu IBM haikutaka kutegemea muuzaji mmoja. Wameshtakiana sana, hadi Intel ikalipa AMD dola bilioni 1.25 mwaka 2009 kumaliza kesi. Lakini Oktoba 2024 walikaa meza moja wakaunda kundi la pamoja la kulinda muundo wao wa x86, maana ARM inawakula wote wawili. Hawa ni mashemeji kweli. Wanapigana uwanjani, wakimaliza wanakula pamoja, na wewe umebaki hapo nje na ngeu.

Sasa bei. Mwaka 2000 hisa ya Intel ilifika karibu dola 75. Hiyo ilikuwa kampuni kubwa, yenye faida, prosesa yake iko kila ofisi duniani. Agosti 2024, miaka 24 baadaye, ilikuwa karibu dola 20. Tarehe 2 Agosti pekee ilianguka asilimia 26 kwa siku moja, baada ya kutangaza kwamba inafuta kazi watu 15,000 na inasimamisha gawio. Kampuni nzuri ukiinunua kwa bei ya wazimu inakumaliza.

Mbogi ya AMD, msicheke bado. Machi 2024 hisa yenu ilipita dola 200. Mauzo ya kampuni ya mwaka huo, dola bilioni 25.8, yalikuwa rekodi. Na Aprili 2025 hisa ilishuka chini ya dola 80. Prosesa hazikuharibika. Kampuni iliuza kuliko wakati wowote katika historia yake, na bado aliyenunua juu alipoteza zaidi ya nusu. Kwa nini? Kwa sababu bei ilikuwa imeshabeba ndoto zote, na ndoto ikichelewa kidogo, watu wanakimbia.

Halafu Agosti 2025 serikali ya Marekani ikachukua karibu asilimia 10 ya Intel. Septemba Nvidia ikatangaza kuweka dola bilioni 5. Kufika mwisho wa Oktoba, hisa ambayo mlikuwa mnaizika ilikuwa karibu dola 40. Wewe ulikuwa unalinganisha kasi ya prosesa kwa video ya dakika kumi, na kitu kilichosukuma bei kilikuwa mazungumzo ndani ya ikulu ya Washington. Ulijuaje hiyo ukiwa Laini Saba? Haukujua. Hata mimi singejua.

Kuna jambo lingine ambalo mbogi zote mbili zinaruka: shilingi. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160. Kufika katikati ya mwaka ilikuwa karibu 129. Chukua 16,000 zako, nunua hisa za dola 100 hiyo Januari. Wacha hisa isipande, isishuke, ikae tu. Ukirudisha nyumbani ni 12,900. Umepoteza 3,100 na timu yako haijafungwa hata bao moja, na hapo bado apu haijakata ada yake ya kununua, ya kuuza na ya kubadilisha pesa. Ukiweka mia tano mia tano, soma hizo ada vizuri, kwa sababu zinaumiza mdogo kuliko mkubwa.

Najua mtaniambia: "Lakini kuna watu walinunua AMD chini ya dola 2 wakatoka." Kweli wapo. Lakini hao walinunua wakati hakuna mtu alikuwa anaimba jina la AMD kwa base, na walishikilia miaka. Hisa hiyohiyo ilikuwa juu ya dola 40 mwaka 2006 na chini ya dola 3 mwishoni mwa 2008. Kushikilia kitu kama hicho kunahitaji pesa ambayo haina kazi nyingine. Pesa yetu ina kazi. Caretaker anabisha tarehe tano. Ukiweka rent, ama mbaya zaidi ukope Fuliza ndio ujaze pengo ulilotoboa kwa apu, utauza siku ambayo hutaki, kwa bei ambayo hutaki.

Wazazi wetu waliiona hii sinema. Mwaka 2008, nchi ikiwa bado inanuka moshi wa uchaguzi, watu walipanga foleni kununua Safaricom kwa shilingi 5. Wengine walichukua mikopo. Ikaingia sokoni Juni, ikapanda kidogo, ikashuka chini ya 5 na kukaa huko miaka. Walioweza kungoja walikuja kucheka. Waliokopa waliuza na hasara wakalipe benki. Hisa ilikuwa moja, kampuni moja. Kilichowatenganisha ni aina ya pesa waliyoingia nayo.

Mtasema pia mimi niliacha chuo mwaka wa pili, nitafundisha nani. Sawa. Kugawanya hakuhitaji digrii. Chukua bei ya hisa, gawanya kwa faida ambayo kampuni ilipata kwa kila hisa kwa mwaka. Ukipata 100, maana yake unalipia faida ya miaka mia kama ya mwaka huo. Unaweza kuwa na sababu ya kulipa hivyo. Niambie hiyo sababu, usiniambie rangi ya jezi.

Na nyinyi wenzangu wa kutengeneza video, mnaouza grupu za "VIP": mmoja wenu alinitafuta nimtangazie, anilipe kwa kila kichwa. Nikamwuliza, kama unajua hisa itapanda, mbona unahitaji 1,500 ya kijana wa Kawangware? Akasoma, akanyamaza.

Sijasema usinunue. Nunua na pesa yako, si ya mkopo. Angalia kama dalali ana leseni ya CMA. Hesabu kwa shilingi, kwenda na kurudi. Na ukitaka kujifunza na kidogo, tangu Agosti 2025 unaweza kununua hata hisa moja hapa kwa soko la Nairobi, bila dola kukuingilia kati.

Kama uko timu yoyote na umekasirika, weka hapo chini vitu vitatu: bei uliyonunua, faida ya kampuni kwa kila hisa, na shilingi zilizotoka mfukoni. Matusi pia nitasoma, lakini leteni hesabu kwanza.