Makadirio Mabaya Huharibu Kazi Njema

Ndugu msomaji, mpishi wa kambi akiambiwa walaji ni 20, kisha wakatokea 1,000, lawama si yake bali ni ya aliyekadiria. Ndivyo ilivyo hata ndani ya kompyuta.

PostgreSQL ni programu huria ya kutunza taarifa katika majedwali. Asili yake ni mradi ulioanza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani. Ikiulizwa swali, haikurupuki kujibu. Kwanza sehemu yake moja, tuiite mpanga njia, hukadiria idadi ya mistari itakayopatikana, kisha huchagua njia iliyo nafuu: kusoma jedwali zima, au kufuata faharasa.

Kasoro yake ni kuyachukua masharti mawili kana kwamba hayahusiani. Tuseme jedwali lina watu 1,000,000. Wakazi wa mji fulani ni 1 katika kila 100, na wakazi wa wilaya yenye mji huo ni 1 katika kila 50. Ukiuliza walio katika mji huo na wilaya hiyo, mpanga njia huzidisha sehemu hizo mbili, akapata watu 200. Kumbe kila mkazi wa mji yumo wilayani, na jibu la kweli ni 10,000! Basi huchagua njia ifaayo watu wachache, na kazi ya sekunde huweza kuchukua saa nzima. Mjane angojaye malipo dirishani haoni hesabu hizo. Huona foleni tu.

Dawa ilipatikana katika toleo la 10, mwaka 2017. Kwa amri ya CREATE STATISTICS, msimamizi huieleza programu kwamba safu fulani zinategemeana. Kisha kwa amri ya ANALYZE takwimu hukusanywa upya. Lakini asipoambiwa, mpanga njia huzidisha vile vile hata leo.

Hivyo basi, enyi vijana mnaotunza kumbukumbu za ofisi, msikimbilie kudai mashine kubwa zaidi. Itumieni kwanza amri ya EXPLAIN ANALYZE, ambayo huonyesha makadirio kando ya hesabu halisi. Pale vinapoachana mno, anzeni kutafuta ugonjwa hapo.