Kiu Ndiyo Kipimo: Maji, Chumvi na Mkimbiaji wa Masafa Marefu

Kila mwaka, mwishoni mwa Februari, maelfu ya watu hukusanyika Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, kushiriki mbio za marathoni za kilomita 42.195, nusu marathoni na mbio fupi za kujifurahisha. Katika miji mingine nako mbio za hisani zimeshamiri, na vikundi vya joging hujaza barabara alfajiri. Hili ni jambo la kushukuru katika zama hizi za kisukari na shinikizo la juu la damu. Hata hivyo, pamoja na fulana na namba ya kifuani, mkimbiaji mgeni hukabidhiwa wosia mmoja ambao hakuna anayeutilia shaka: anywe maji mengi kadiri awezavyo, wala asingoje kiu. Wosia huo unastahili kuachwa, kwa kuwa umekwisha kugharimu maisha ya watu.

Wosia wenyewe haukuzuka hivi hivi. Mwaka 1996 Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo kilitoa mwongozo uliowataka wanamichezo wanywe kiasi cha kufidia jasho lote linalotoka, au kiasi cha juu kabisa wanachoweza kustahimili. Nia ilikuwa njema, yaani kuwakinga na upungufu wa maji na madhara ya joto. Lakini ishara ya hatari ilikwisha kuonekana barani Afrika miaka mingi kabla ya hapo. Katika mbio za Comrades za Afrika Kusini, zenye urefu wa takriban kilomita 90 baina ya Durban na Pietermaritzburg, mwanamke mmoja alipoteza fahamu mwaka 1981. Haikuwa kwa kukosa maji, bali kwa kuyanywa kupita kiasi. Mwaka 1985 Tim Noakes na wenzake walichapisha taarifa ya wanamichezo wanne waliopatwa na hali hiyo. Onyo lao halikusikika kwa wakati.

Mwaka 2002, katika Boston Marathon, mwanamke mwenye umri wa miaka 28 alifariki dunia kwa sababu hiyo hiyo. Katika mbio hizo hizo watafiti walichukua damu za wakimbiaji 488 walipomaliza. Asilimia 13 kati yao walikuwa na upungufu wa sodiamu katika damu, na watatu walikuwa katika kiwango cha kutisha. Walioathirika zaidi hawakuwa washindi wanaokata upepo kwa saa mbili na ushei. Walikuwa wale waliotumia zaidi ya saa nne njiani, na hasa wale waliomaliza mbio wakiwa na uzito mkubwa kuliko waliokuwa nao mwanzoni. Mtu aliyekimbia saa nne akazidi uzito ana maelezo mamoja tu: amekunywa kuliko alivyotoa.

Maji, ambayo ni uhai, hudhuru kwa njia hii. Sodiamu katika damu ya mtu mwenye afya huwa kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita. Mtu anapokunywa maji ya ziada akiwa amepumzika, figo huyatoa upesi kwa njia ya mkojo. Lakini mbio ndefu, maumivu na kichefuchefu huusukuma ubongo utoe homoni ya kuzuia mkojo, na figo hufunga mlango. Maji hubaki mwilini, damu huzimuliwa, nayo maji huingia ndani ya seli. Seli za misuli zina nafasi ya kuvimba, ilhali ubongo umezingirwa na fuvu. Ndipo huja kuumwa kichwa, kutapika, kuchanganyikiwa, degedege na hata kifo.

Hesabu yake si ngumu. Mwanamke mwenye uzito wa kilo 60 ana takriban lita 30 za maji mwilini. Tuseme anatumia saa tano njiani, anatokwa na jasho la nusu lita kwa saa, na kwa utii anakunywa lita moja kila saa. Kama hapati mkojo, humaliza akiwa na lita mbili na nusu za ziada, na sodiamu yake yaweza kushuka chini ya milimoli 130. Haba na haba hujaza kibaba: bilauri moja katika kila meza ya maji huonekana si kitu, hadi zinapojumlishwa.

Wapo wanaodhani kwamba vinywaji vya wanamichezo huondoa hatari hiyo. Sivyo. Sodiamu iliyomo humo ni ndogo mno ikilinganishwa na ile iliyomo katika damu. Kwa hiyo anayevinywa kupita kiasi naye huizimua damu yake, ingawa polepole kidogo kuliko anayekunywa maji matupu.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani ni kwamba kiu huchelewa: inapofika, mwili umekwisha kukauka. Hoja hii haina budi kupewa haki yake, kwa maana joto la Dar es Salaam si la mchezo, na wapo watu wanaotokwa na jasho zaidi ya lita mbili kwa saa. Lakini kiu si mlinzi mzembe. Ubongo huiamsha pindi ukolezi wa damu unapopanda kwa asilimia moja au mbili tu. Kupungua uzito kidogo baada ya mbio ni jambo la kawaida, na hufidiwa kwa chakula na kinywaji katika saa zinazofuata. Ndiyo maana wataalamu wa nchi mbalimbali waliokutana mwaka 2015 walipendekeza kiu iwe ndiyo kiongozi wa unywaji. Mkimbiaji mwenye kasi kubwa anayetaka uhakika zaidi ajipime uzito kabla na baada ya mazoezi, apate kujua kiasi cha jasho lake.

Wajibu wa wahudumu wa afya ni mzito vilevile. Katika hema la huduma ya kwanza, mazoea ni kumtundikia dripu kila aliyeanguka. Mazoea hayo yakomeshwe. Wengi wanaoanguka baada ya kuvuka mstari wa mwisho hawana upungufu wa maji. Damu imetuama miguuni kwa sababu misuli imeacha kuisukuma. Hao walazwe na kuinuliwa miguu. Aliyechanganyikiwa apimwe joto la ndani ya mwili, kwani likizidi nyuzi 40 anahitaji kupozwa mara moja kwa maji ya baridi. Apimwe pia sodiamu, ikiwezekana palepale. Iwapo imeshuka na ubongo umeathirika, tiba yake ni chumvi kali ya asilimia 3, mililita 100 kwa mshipa, inayoweza kurudiwa hadi mara tatu kila baada ya dakika 10. Kumwongezea mtu huyo dripu ya kawaida kwa kasi kwaweza kumsogeza karibu na kaburi.

Waandaaji nao wasishindane kwa wingi wa meza za maji. Waweke mizani na kifaa cha kupima sodiamu hemani, na watangaze ujumbe mmoja unaoeleweka. Wakimbiaji wajiepushe na vidonge vya maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki kabla na wakati wa mbio, kwani huzielemea figo na huongeza hatari ya maji kubaki mwilini. Mwenye maradhi ya figo au moyo, au anayetumia dawa za kuongeza mkojo, amwone daktari wake kabla ya kujiandikisha, kwa kuwa kanuni ya kiu peke yake haimtoshi. Wala kanuni hii isihamishiwe kwa mtoto mwenye kuhara, ambaye hakika anahitaji maji yenye chumvi na sukari bila kungojwa.

Kwa mkimbiaji mwenye afya, ushauri unatosha katika sentensi moja: anywe anapoona kiu, aache inapokatika. Mwili uliomfikisha kilomita ya thelathini unastahili kuaminiwa pia unaposema umetosheka.