KODI YA MAUZO NA WAPIGA PICHA WA KUJITEGEMEA



Wako watakaouliza kwa nini karatasi ya wafanya kazi wa reli inashughulika na habari za wapiga picha. Jibu letu ni fupi. Reli ilipokodishwa kwa kampuni ya binafsi mwaka 2006, wenzetu wengi walipunguzwa kazini, na mtu aliyepunguzwa hali sifa za zamani. Wengine walinunua pikipiki, wengine cherehani, wengine kamera. Hata katika sisi tulio kazini bado, wamo wanaopiga picha za arusi na mazishi siku za mapumziko. Hao twawahesabu kuwa wafanya kazi kama sisi, ijapokuwa hawana karani wa kuwakatia kodi.

Hapo ndipo taabu inapoanza. Sisi wa mshahara, kodi yetu hukatwa kabla macho yetu hayajaiona fedha. Mpiga picha huipokea yote mkononi, au katika simu, akanunua karatasi na wino, akalipa pango la chumba, akala na watoto. Barua ya Mamlaka ya Ushuru inapofika hana fedha wala daftari.

Kodi ya mauzo si jambo jipya katika Kenya. Serikali ilianza kutoza kodi yenye jina hilo mwaka 1973, na mwaka 1990 ikaiondoa na kuweka VAT mahali pake. Lakini siku hizi mfanya biashara mdogo anayo kodi nyingine juu ya mauzo, ile watu waitayo TOT. Hiyo imechezewa sana. Mwanzo wa 2020 ilirudishwa kwa kiwango cha 3 kwa mia. Mwaka huohuo, wakati wa ugonjwa wa korona, ikashushwa hadi 1 kwa mia. Kisha sheria ya fedha ya 2023 ikaipandisha tena kuwa 3 kwa mia tangu tarehe 1 Julai. Sheria hiyo ya 2023 yamhusu mtu ambaye mauzo yake kwa mwaka yamepita Shs. 1,000,000/- na hayajapita Shs. 25,000,000/-. Hulipwa kila mwezi, na siku ya mwisho ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Sasa tusome vizuri neno hilo, mauzo. Si faida. Ni fedha yote iliyoingia, hata ile iliyokwisha kutoka kwa kununua karatasi. Twataka kila msomaji achukue penseli afanye hesabu pamoja nasi.

Mpiga picha wa kwanza ana chumba mjini. Huuza picha za vitambulisho, za pasipoti, za watoto wa shule. Mauzo yake ya mwaka ni Shs. 1,200,000/-. Karatasi, wino, umeme, pango na kibarua wake vyamla Shs. 900,000/-. Kimebaki kwake Shs. 300,000/-. Kodi ya mauzo ni Shs. 36,000/-.

Wa pili hana chumba. Hupiga picha za mikutano na arusi, akawapelekea wateja picha kwa simu. Naye ameuza Shs. 1,200,000/-, lakini gharama zake ni Shs. 200,000/- tu. Amebaki na milioni nzima. Kodi yake? Shs. 36,000/- ileile!

Je, hii ni haki? Yule aliyeajiri kibarua na kulipa pango amekatwa 12 kwa mia ya kilichobaki kwake, na yule mwingine hata 4 kwa mia hakukatwa. Na kama mwaka ni mbaya, gharama za yule wa kwanza zikafika Shs. 1,100,000/-, atakuwa amebakiwa na laki moja, na katika hiyo laki atoe Shs. 36,000/-. Sisi twasema kodi hii yamwonea fundi mwenye vifaa vingi na faida kidogo, na chama cha wafanya kazi hakiwezi kunyamaza kwa sababu tu mwenye kuonewa hana tajiri wa kugombana naye.

Lakini kulalamika peke yake hakulipi pango. Uko mlango katika sheria ambao wengi hawaujui. Mtu aweza kumwandikia Kamishna barua kwamba hataki kutozwa TOT, naye akatozwa kodi ya mapato ya kawaida, ambayo huangalia faida. Yule wa kwanza, kwa viwango vya sheria ya 2023, angelipa 10 kwa mia juu ya Shs. 288,000/- za kwanza, na 25 kwa mia juu ya Shs. 12,000/- zilizosalia: jumla Shs. 31,800/-. Hapo hupunguziwa Shs. 28,800/- ambazo kila mlipa kodi mkaazi hupunguziwa kwa mwaka. Zabaki Shs. 3,000/-. Tazameni tofauti! Mahali pa elfu thelathini na sita, elfu tatu. Bali yule wa pili asithubutu kuandika barua hiyo, maana kwa njia hii kodi yake itapita laki mbili.

Mwenye mshahara na kamera pamoja ajihadhari. Hesabu hiyo si yake, kwa kuwa punguzo lile limekwisha kutumika katika mshahara, na faida ya kamera huongezwa juu yake.

Kuhusu walio chini ya milioni moja, wengi hudhani hawana neno. Sivyo. TOT haiwagusi, lakini kodi ya mapato juu ya faida iko palepale, na hati ya mwaka hupelekwa kabla ya mwisho wa Juni.

VAT ni ya wakubwa kidogo, wenye mauzo ya Shs. 5,000,000/- kwa mwaka au zaidi, nayo imekuwa 16 kwa mia tangu Januari 2021. Angalau kodi hii hukumbuka karatasi: aliyeandikishwa hupunguza VAT aliyolipa mwenyewe aliponunua vifaa. Asiyeandikishwa haruhusiwi kumwandikia mteja VAT hata senti moja, na mteja akiiona katika hesabu ya namna hiyo na aulize namba ya VAT.

Jambo la mwisho ni risiti. Tangu 1 Januari 2024, kampuni inayotaka gharama yake ikubaliwe na Mamlaka yapaswa kuwa na ankara ya eTIMS. Kwa hiyo mpiga picha husimama mkutano mzima, kisha huambiwa, "Lete ankara ya eTIMS ndipo ulipwe." Kazi imekwisha fanywa, fedha zimekaa. Twaona ni aibu kumwambia fundi jambo hili baada ya kazi. Na aambiwe siku ya kupatana bei. Matawi yetu yanapomwita mpiga picha katika mkutano wa mwaka yafanye hivyohivyo, na yasimbane bei hata kodi itoke katika chakula chake.

Twaitaka Serikali itoze faida na si mauzo kwa watu wa kiasi hiki, na matangazo ya kodi yaandikwe kwa Kiswahili ambacho fundi atakisoma bila kumlipa msomaji.

Kwa sasa, kila ndugu mwenye kamera na anunue daftari moja. Upande wa kushoto aandike kila shilingi iliyoingia, na tarehe. Upande wa kulia kila iliyotoka, na risiti aibane hapo. Fedha za kazi zipite katika namba yake ya biashara ya simu, zisichanganyike na za harambee na za shemeji. Mwisho wa mwezi ajumlishe pande zote mbili kabla ya tarehe 20, na asiyejua kujumlisha na alete daftari kwa katibu wa tawi lake.