Gari la Mungu, Bima ya Trafiki

Jumapili moja hapa Mbinga mjini, misa ilipokwisha, gari jipya la familia liliingizwa uwanjani mwa kanisa libarikiwe. Namba E, limeinuka vizuri, viti bado vina nailoni. Padri akanyunyiza maji ya baraka, akaenda zake. Hapo mzee mmoja wa kamati, ambaye hakuna aliyempa nafasi ya kusema, akavua kofia na kutangaza: "Hili halihitaji bima kubwa. Bima yake ni Mungu." Watu wakapiga makofi, na aliyepiga kuliko wote ni mwenye gari, maana palepale alikuwa ameokoa milioni moja na nusu.

Kanisani nilinyamaza kwa heshima ya mahali. Gazetini sinyamazi.

Kama bima ya gari lile ni Mungu, mbona limekatiwa bima ndogo? Shilingi 118,000 zililipwa kabla hata ya kumwita padri. Imani gani hiyo inayoishia kwenye kizuizi cha polisi? Tuseme tu wazi: hapa hakuna anayemtegemea Mungu, kuna wanaomwogopa trafiki. Tunakata bima ndogo ili tufike Songea bila maneno, kisha kilichobaki tunakiita imani.

Na wengi hawajui hata walichokinunua. Bima ndogo inamlipa yule utakayemgonga. Gari lako likitumbukia korongoni, likaungua au likaibiwa, bima hiyo haikupi hata bei ya tairi moja. Kwa hiyo bwana yule anayejisifu kwa ujanja amemkatia bima mtu asiyemjua, cha kwake amekiacha uchi. Nirudie kwa wale waliokuwa wanapiga makofi: amemlinda mgeni, amewaacha wanawe.

Haya, bei ya bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe. Kiwango kilichozoeleka kwa gari la binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani yake. Gari la milioni 40 linakuja milioni 1.4; weka VAT ya asilimia 18, unafika shilingi 1,652,000 kwa mwaka. Ni hela, sibishi. Lakini ukiigawa kwa siku ni kama 4,500, yaani bia mbili, na kuna watu mji huu bia mbili ni za kusafishia koo tu. Watu haohao wanaolia bima ni ghali wanaweka rimu mpya, muziki wa kutikisa mabati ya jirani na vioo vyeusi vya kumfichia nani sijui. Mwaka jana mmoja wao aliniletea kadi ya mchango wa harusi iliyopangiwa kiwango, kama kodi, na kamati ikanipigia simu mpaka nikalipa. Kamati ya harusi haijawahi kumwambia mtu kwamba pilau atalipika Mungu.

Sasa tuiangalie barabara yenyewe. Zamani kuteremka Mbamba Bay ilikuwa vumbi, mawe na sala. Hakuna aliyeweza kukimbia hata akitaka. Leo kuna lami kilomita 66, inashuka kutoka milima ya Umatengo mpaka ziwani kona juu ya kona, na kila mwenye gari jipya lazima ajaribu injini yake humo. Mvua za masika zikichanganya na ukungu, huoni mbuzi mpaka uwe umeshamla. Upande wa Kitai ndiko kuna malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka, na lori la makaa likija katikati ya barabara halikuulizi umebarikiwa na nani.

Shemeji yangu alinunua gari kwa hela ya kahawa na mkopo wa saccos. Akakata bima ndogo. Bodaboda ilimchomokea na abiria wawili na gunia la dagaa wa usipa, akaikwepa, gari likabingirika mpaka kwenye shamba la mashimo ya ngoro la mtu. Wote walitoka hai, namshukuru Mungu kwa hilo, na wala sidhani Mungu alikuwa na mpango wa kununua bodi mpya. Bodaboda haikuwa na bima ya aina yoyote, basi hakuna kampuni ya kuidai. Gari liliuzwa kwa fundi kama spea. Saccos inaendelea kukata kila mwezi, na dada yangu anapanda basi akilipa deni la gari asiloliona.

Wapo watakaoniambia: "Nilikata bima kubwa mwaka mzima, sikupata ajali, wakala kala hela yangu." Hoja hii naipenda sana. Mtu kalala na kufuli mlangoni, mwizi hakuja, asubuhi anakwenda dukani kudai arudishiwe hela ya kufuli! Mwingine anasema kampuni hazilipi. Waulize hao waliokataliwa kama dereva alikuwa na leseni, na kama alikuwa amekaa sawasawa kwenye kiti. Na ukidhulumiwa kweli, Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ipo, ipo kisheria. Wewe umekwenda? Hukwenda. Ulikwenda kijiweni.

Nenda benki ukope gari, uone. Watakudai bima kubwa kabla hujashika usukani, na jina lao litaandikwa humo. Wale ni watu wa hesabu, hawajawahi kuliona korongo la kwetu, na bado hawathubutu kuliachia gari lao literemke hivihivi. Wewe unayelijua korongo hilo kwa jina ndiye unayethubutu.

Mnabakiwa na kisingizio kimoja, kwamba bima inataka hela yote kwa mpigo na mkulima hana mshahara. Ni kweli, sheria yetu haina mambo ya bima kwa deni: hujalipa, huna bima. Lakini magari haya mnayanunua lini? Mnada wa kahawa ukishalipa, Agosti, Septemba, mji mzima unanuka rangi mpya. Bima ya mwaka mmoja iliyokatwa Septemba inaisha Septemba, siku zilezile ushirika wa wakulima, AMCOS, unapogawa malipo na vijana wa kamati ya harusi wanapoanza kuzunguka na kadi. Mtangulizeni wakala wa bima.